Tarehe 31 Julai, Kutoka Rubaga hadi Buddo

Basi la kutoka Bukoba huvuka mpaka Mutukula, likapita Masaka na Lukaya, kisha likaingia Kampala kwa barabara ile ile iliyotumiwa na jeshi la Tanzania mwaka 1979 kwenda kumng'oa Idi Amin. Kwetu Kagera barabara hiyo haina mtu asiyeijua. Lakini safari hii nilikuwa nafuata tarehe moja tu, 31 Julai. Tarehe hiyo mwaka 1969 Papa Paulo VI aliwasili Uganda, na tarehe hiyo hiyo mwaka 1993 Ronald Muwenda Mutebi II alitawazwa kuwa Kabaka, yaani mfalme, wa Buganda. Watu wa kanisani hukusimulia la kwanza, watu wa ufalme hukusimulia la pili. Mimi niliamini yana undugu, nikataka kuyapitia yote kwa siku moja.

Nililala Kibuli, Kampala, kwa shangazi, nyumba ambayo Kiswahili ndicho lugha ya mezani. "Anza na Rubaga, mwanangu," aliniambia, "utoke mapema kabla ya foleni. Mjini ukichelewa utashinda njiani." Akaniitia kijana wa bodaboda anayemwamini, mtoto wa mwanajeshi aliyekulia kambini, na Kiswahili chake ni cha kambini kweli kweli, kifupi na kikavu. "Kaa vizuri, mzee. Tunapanda."

Kanisa kuu la Rubaga ni la matofali mekundu, lina minara miwili, na lilikamilika mwaka 1925. Ndani kulikuwa na misa ya asubuhi, nikakaa benchi la nyuma. Humu ndimo Papa Paulo alimofunga mkutano wa maaskofu wa Afrika jioni ya siku aliyofika. Hakuna papa aliyekuwa madarakani aliyewahi kukanyaga kusini mwa Sahara kabla yake. Aliwaambia maaskofu kwamba sasa Waafrika ni wamisionari wao wenyewe, na kwamba wanaweza, tena wanapaswa, kuwa na Ukristo wa Kiafrika. Kesho yake aliwaweka wakfu maaskofu 12 pale Kololo, na tarehe 2 Agosti alikwenda Namugongo walikouawa mashahidi wa imani. Maneno yale ya Rubaga yananigusa hadi leo, maana yalisemwa kwa watu ambao lugha zao, ngoma zao na hata majina yao yalikuwa yamebisha hodi kwa miaka mingi bila kufunguliwa mlango wa kanisa.

Nikatoka nje. Hapo ndipo jambo lenyewe linapoonekana kwa macho: ng'ambo tu ya bonde ni kilima cha Mengo, penye kasri la Kabaka, Lubiri. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la Milton Obote, aliyekuwa ameshika madaraka ya nchi, chini ya Amin, lilishambulia kasri hilo. Mutesa II, aliyekuwa Kabaka na rais wa kwanza wa Uganda, aliponea kwa kupanda ukuta, akapitia Burundi hadi London. Mwaka 1967 falme zikafutwa. Kwa hiyo siku Papa anapokelewa kwa shangwe Rubaga, Buganda ilikuwa bado chini ya hali ya hatari, kasri la jirani lilikuwa mikononi mwa askari, na mwenye kasri alikuwa uhamishoni. Hakumaliza mwaka huo. Alifariki London tarehe 21 Novemba 1969.

Tukashuka, tukapanda Mengo. Barabara ya Kabakanjagala inanyooka kutoka Bulange, jengo la bunge la Buganda, hadi lango la Lubiri. Bendera za bluu na nyeupe zilikuwa zimefungwa njiani, wanawake wamevaa gomesi, wanaume kanzu na koti. Ndani ya uzio kuna vyumba vya zege vya ghala la silaha vilivyogeuzwa kuwa mahabusu enzi za Amin. Sikukaa sana humo.

Mchana tukashika njia ya Masaka, tukapita Kyengera, tukakunja kupanda Buddo. Wengi wanakijua kilima hiki kwa shule ya King's College Budo iliyoanza mwaka 1906, lakini Naggalabi, mahali pa kutawazia Kabaka hapo kilimani, ni pa kale zaidi. Masimulizi ya Wabaganda yanasema Kintu, Kabaka wa kwanza, alimshinda Bemba, mfalme aliyeitwa nyoka, akatawala kuanzia hapo. Mutebi, mwana wa Mutesa, alipotawazwa hapa alikuwa na miaka 38, Kabaka wa 36, na falme zilikuwa zimerudishwa kisheria mwezi huo huo. Katiba ya 1995 ikaja kumzuia kiongozi wa jadi kuingia siasa za vyama.

Mzee mmoja, kanzu yake imefungwa juu shuka ya gome la mti wa mutuba, aliniruhusu niishike. Rangi yake ni ya udongo uliookwa, upande mmoja laini, na ukiinua kwenye mwanga unaona mistari midogo ya nyundo iliyolipondea, imejipanga sawasawa kutoka pindo hadi pindo. Kabaka naye hufungwa gome kama hilo siku ya kutawazwa.

"Shikamoo, mzee. Mwaka 1993 ulikuwepo?"

"Marahaba. Nilikuwepo. Nilitembea kutoka Kyengera, magari hayapiti kwa watu." Kiswahili alikipata, alisema, kwenye kazi ya reli. "Na Papa pia nilimwona, barabara ya Entebbe, nikiwa mtoto wa shule. Tulipewa vibendera."

Nikamuuliza kama siku ile ya Papa watu walimtaja Kabaka.

"Barabarani? Hapana, askari walikuwa kila mahali. Nyumbani ndiyo. Baba alifunga mlango kwanza, akasema, mgeni amekuja na mwenye nyumba hayupo."

Kijana wa bodaboda, ambaye mwaka 1993 alikuwa hajazaliwa, akazima pikipiki na kuketi kwenye nyasi ili asikie vizuri. Mzee akaanza upya, safari hii kuanzia 1966.