Miaka mitatu tuliiita sonona tu

Leo nimemsindikiza mdogo wangu kliniki hapa Kisumu, na kwa mara ya kwanza ugonjwa wake umepata jina: baipola ya aina ya pili. Ni ugonjwa wa akili unaompeleka mtu huku na huku: mara sonona, yaani huzuni nzito, mara msisimko uliopitiliza.

Miaka mitatu tumeambiwa ni sonona. Kila alipoenda hospitali alikuwa hali chakula, haogi, amelala tu. Nani angesimulia zile siku nyingine? Siku tano, sita mfululizo, usingizi wa masaa matatu na anaamka mzima, anaongea bila kituo. Mara moja alikopa akanunua robota mbili za mitumba soko la Kibuye, na biashara yenyewe hakuianza. Sisi tulifurahi, tukasema amepona!

Daktari wa leo aliniuliza mimi pia. Akaeleza: aina ya kwanza ni mania kamili, yaani msisimko mkali, wiki nzima au zaidi, au kali kiasi cha kulazwa. Aina ya pili msisimko ni mdogo zaidi, angalau siku 4, pamoja na sonona ya wiki 2 au zaidi. Hakuna kipimo cha damu cha baipola. Damu waliyomtoa ni ya kuangalia tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, maana nayo huleta dalili zinazofanana.

Kilichoniuma ni kujua kwamba dawa za sonona zikitumiwa peke yake zinaweza kumpandisha mgonjwa wa baipola hadi kwenye mania. Jamani, mkienda kliniki na mtu wenu, simulieni na zile siku zake za furaha.

Mama bado anauliza nani alimroga. Kesho jioni nitakaa naye, nimweleze polepole.