Jinsi nilivyopoza chumba changu cha mabati

Nilihamia Nairobi kutoka Njombe mwezi wa Januari na sweta tatu begini, nikidhani mji ulio mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari hauwezi kunitoa jasho. Kumbe Januari hadi Machi ndiyo miezi ya joto, na chumba changu Kawangware kilikuwa juu kabisa, chini ya mabati matupu. Saa nane mchana mshumaa ulijipinda kwenye kisahani kama ndizi.

Nikanunua feni. Ikanipulizia moto uleule.

Mama Brayo wa mlango wa pili alinicheka: "Wewe kijana, mchana wote dirisha wazi, unakaribisha jua?" Nikageuza ratiba. Usiku Nairobi hupoa hata msimu huo, kwa hiyo nafungua jioni (nyavu ya mbu lazima), nafunga saa tatu asubuhi na kushusha pazia jeupe. Kisha, mwenye nyumba aliporidhia, nikapigilia dari ya plaiwudi, nikiacha shubiri moja kati yake na mabati. Hiyo dari ndiyo iliyomaliza kazi.

Mshumaa sasa umesimama wima. Feni nimemuuzia kijana wa chini, kwa hasara.