Pakanga yangu ya Nzuguni, Dodoma, na mavuno niliyoyaunguza juu ya bati

Naandika haya kwa sababu nimechoka kusikia watu wakiambiwa kuhusu majani ya pakanga, "Anika juani, chemsha mpaka maji yawe meusi, kunywa." Mimi niliambiwa hivyohivyo, nikapoteza mavuno ya kwanza yote.

Ninayoizungumzia ni ile pakanga ya Kichina, mmea wa dawa ambao wengi wanauita artemisia tu. Mbegu nililetewa kutoka Arusha, pakiti ndogo ya elfu tano hivi. Ukizimwaga kiganjani utadhani ni vumbi. Gramu moja ina mbegu kama 10,000. Nilizifukia kama navyofukia mahindi, nikamwagilia, nikangoja. Wiki tatu hakuna kitu. Kumbe mbegu hii inataka mwanga ndipo iote, na ukiiacha juu ya ardhi, upepo wa Dodoma unaondoka nayo.

Mara ya pili nilichanganya mbegu na mchanga niliouchekecha kwa chujio la chai, nikanyunyiza kwenye beseni bovu lenye udongo, sikufukia hata kidogo. Beseni nilikuwa nimelitoboa chini, basi nikaliweka ndani ya karai lenye maji, unyevu ukapanda wenyewe kutoka chini bila kusogeza mbegu hata moja. Juu nikafunga nailoni nyeupe. Siku ya tisa nikaona kijani kimetanda juu ya udongo wote, nikamwita kila mtu nyumbani aje aone.

Kuhamishia bustanini ni kama nyanya tu. Nilikata kabla maua hayajachanua.

Hapo ndipo muuza dawa mmoja wa sokoni aliponiambia, "Mwanangu, tandaza juu ya bati, siku mbili zinatosha." Nilitandaza. Jioni ya pili majani yalikuwa ya kahawia kama tumbaku, na ile harufu yake kali imekwisha kabisa. Iliniuma sana.

Miche ilipochipua tena, nilifunga kanga kuukuu nne ndani ya stoo kama machela, nikatandaza majani juu yake, dirisha wazi, jua lisiyaguse. Kiangazi cha kwetu hewa ni kavu mno. Siku ya tatu majani yalikuwa yanavunjika mkononi, bado ya kijani, na stoo nzima inanukia. Ndugu zangu wa pwani hawana bahati hii, unyevu wao huleta ukungu.

Sababu niliielewa niliposoma habari za Tu Youyou, mwanasayansi wa China aliyetafuta dawa ya malaria kwenye mmea huu, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Wenzake walikuwa wakichemsha mmea huu na matokeo yanayumba. Yeye akarudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, aliyeagiza mmea uloweshwe majini kisha ukamuliwe, bila moto. Akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 tu, na artemisinini, yaani kile kiini kinachoua vimelea vya malaria, ikatoka ikiwa nzima. Moto ndio adui. Majani hayo yana pia flavonoidi, ambazo ni antioksidanti, yaani zinakinga seli zisichakazwe. Lakini kama unatafuta antioksidanti peke yake, kunywa choya, yaani rozela, inalimwa hapahapa Dodoma na haina uchungu.

Usiku mmoja jirani alinigongea, mtoto anachemka homa, anaomba kikombe cha chai ya pakanga. Nilimkatalia. "Dada, twende kituo cha afya kwanza." Kipimo kikaonyesha malaria, mtoto akapewa dawa mseto, akapona. Dawa mseto yenyewe ina artemeta, inayotokana na mmea huuhuu, ila imepimwa na kuunganishwa na dawa nyingine, lumefantrini. Kikombe changu hakuna anayejua kina kiasi gani, na Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai hii kuwa tiba ya malaria. Mjamzito naye simpi.

Mimi hunywa kidogo nikikosa hamu ya kula, mengine naweka kabatini kufukuza nondo, wale wadudu wa nguo. Mbegu za msimu huu nimezifunga kwenye kitambaa. Jirani ameshaleta beseni lake, nimemtobolea mwenyewe.