Goti langu na nta ya mgodini

Enzi nasoma Lviv niliumia goti uwanjani, likanisumbua miezi. Rafiki akanivuta hadi Truskavets, mji wa tiba magharibi mwa Ukraine. Nikadhani tunakwenda kunywa yale maji yao ya chemchemi tu (yananuka mafuta ya taa, jamani, na nilimaliza kikombe).

Kumbe kuna ozokeriti, nta ya mgodini. Mama mmoja alikuja na trei ya kitu cheusi kama lami, kimeganda nusu, laini kama ugali uliopoa kidogo. Akanibandika gotini, akafunga na blanketi. Nikakaza meno nikisubiri kuungua. Wapi! Nta hii hutoa joto lake polepole sana, hata ikiwa moto ngozi inavumilia. Nililala nusu saa, goti likawa jepesi wiki nzima.

Ni nta ya ardhini, ndugu ya petroli. Jina limetoka Kigiriki: kunuka na nta. Jirani hapo Boryslav, karne ya 19, watu walishushwa kwa kamba kwenye mashimo membamba yaliyochimbwa kwa mikono, huku juu mwenzao akizungusha feni kuwapelekea hewa. Gesi iliua wengi. Nta ilisafishwa kwa asidi ikawa nyeupe, ikaitwa seresini, ikaenda kwenye mishumaa.

Juzi nikasoma karatasi ya rangi ya mdomo ya mke wangu: ozokeriti imo. Nikamwambia, "Hiyo niliwahi kuvaa gotini." Hajaipaka tena tangu siku hiyo.