Nilivyoichora Berlin Nikiwa Ujiji

Kazi inayonilisha hapa Kigoma ni kuchora ramani za visima na barabara za vijijini, lakini ramani niliyoifanyia kazi kwa moyo wote ni ile ya maeneo ya kihistoria ya wapenzi wa jinsia moja na waliobadili jinsia huko Ulaya na Marekani, ambayo maelezo yake yote niliyaandika kwa Kiswahili. Niliianza kwa sababu mengi niliyoyakuta kwa lugha yetu kuhusu watu hawa yalikuwa matusi, ilhali nyumba zao zinajulikana na mitaa yao ina majina.

Usiku wa kwanza niliingiza kwenye jedwali Stonewall Inn, baa ya mtaa wa Christopher jijini New York ambako wateja waliwagomea polisi alfajiri ya Juni 28, 1969, pamoja na maeneo mengine kumi na moja. Nilipofungua ramani, New York ilikuwa majini, kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi. Nilifuta kila kitu na kuanza upya, nukta ikarudi palepale. Nikadhani programu imeharibika, nikaipakua tena hadi bando likakata. Kwa jumla intaneti ilinigharimu kama elfu arobaini hivi.

Kulipokucha ndipo nilipoelewa. Kigoma iko kusini mwa ikweta na mashariki mwa Greenwich, kwa hiyo mkono umezoea kuweka alama ya kutoa kwenye latitudo na kuiacha longitudo ilivyo: -4.88, 29.63. New York ni kinyume pande zote mbili: 40.73, -74.00. Kosa kubwa namna hiyo angalau hujionyesha lenyewe. London ndiyo ya kuogopwa, kwa sababu ukisahau alama ya longitudo ya Royal Vauxhall Tavern, baa iliyoorodheshwa mwaka 2015 kuwa jengo la urithi, nukta huhama kilomita kama 17 tu na kubaki ndani ya jiji, wala hakuna atakayegundua.

Kilichonikera hadi leo ni ushauri wa mwenzangu wa kazi, aliyeniambia, "Ndugu yangu, kisichokuwepo hakichorwi." Alikuwa akisema juu ya taasisi ya daktari Magnus Hirschfeld mjini Berlin, iliyofunguliwa mwaka 1919 ili kuchunguza masuala ya jinsia na mapenzi, ikavamiwa na wanafunzi wa Kinazi Mei 6, 1933, na vitabu vyake kuchomwa hadharani siku nne baadaye, jengo lenyewe halipo tena. Mimi nimekulia Ujiji, ambako kila mgeni hupelekwa mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Mwembe unaosemekana walikutana chini yake ulikufa zamani, imebaki miembe iliyotokana nao na mnara, na sijamsikia mtu akidai mahali pale pafutwe kwenye ramani.

Basi nikaamua kwamba jengo linalosimama litapata nukta iliyojaa, na lililobomolewa litapata duara tupu lenye miaka yake. Nyumba ya mtu aliye hai sikuiweka hata moja, nanyi msiiweke.

Duara la Berlin lilinichukua siku tatu, kwa kuwa mtaa uliokuwa na taasisi hiyo, In den Zelten, umetoweka. Nililaza ramani ya jiji ya kabla ya vita juu ya ramani ya sasa na kuzifunga pamoja kwa vitu vinavyoonekana katika zote mbili. Nilianza na Safu ya Ushindi, mnara mrefu unaoonekana wazi, na ramani ya zamani ikapinda vibaya, mto ukapita juu ya nyumba. Kumbe Wanazi waliuhamisha mnara huo mwaka 1938 na 1939 kutoka mbele ya bunge. Nikauacha, nikashika Lango la Brandenburg, jengo la bunge na kingo za mto Spree. Safari hii mto ulilala juu ya mto, na duara langu likatua bustanini, karibu na maji.