Siku moja maishani mwangu: risiva wa NFL ambaye hamumuoni kwenye TV

Nikisema nacheza American football ya kulipwa kwenye NFL, ligi kubwa ya mchezo huo Marekani, tena ni risiva, yaani mdakaji wa pasi, watu wana maswali mawili tu, unaendesha gari gani na mbona hatukuoni kwenye TV. Gari ni Corolla niliyoinunua imeshatumika. Kwenye TV hamnioni kwa sababu niko kikosi cha mazoezi, na leo nataka niwaeleze hiyo kazi ikoje maana hata ndugu zangu wa damu bado hawajaielewa.

Kila timu ya NFL ina wachezaji 53 kwenye kikosi chenyewe, halafu kuna wengine 16 wa mazoezi (nafasi moja zaidi inaweza kuongezwa kwa mchezaji wa kigeni). Sisi 16 tunafanya kila kitu na wale 53, tunakula nao, tunapigwa nao, Jumapili wao wanacheza sisi tunaangalia. Msimu wa 2025 kima cha chini chetu kilikuwa dola 13,000 kwa wiki. Ndio, ni hela, sidanganyi mtu, mama yangu anafanya kazi ghalani usiku na najua anachukua muda gani kufikisha hiyo. Ila inalipwa kwa wiki uliyopo, ukiitwa Jumanne ukaambiwa asante basi imeishia hapo. Jina la timu yangu silitaji, bado nataka kazi.

Saa 11 alfajiri, Jumatano. Jumatano ndo siku nzito kuliko zote za wiki. Nateremka kitandani kwa ubavu kwa sababu enka ya kulia haikubali kushtukizwa asubuhi. Mama anapiga akiwa anatoka shifti, "umeamka baba? umekula?" hapo hata meno sijapiga mswaki.

Saa 12 na nusu niko kambini. Unapimwa uzito, unapimwa mkojo kuona kama umekunywa maji ya kutosha, unafungwa enka bandeji, unakula mayai na ugali wao wa oats, jimu, basi.

Saa 2 vikao vinaanza na hapa ndo watu hawajui, wanadhani mpira huu ni misuli tu. Kikao cha kwanza ni cha timu maalumu, zile zinazoingia mpira unapopigwa teke. Risiva kama mimi mlango wake uko huko, sio kwenye kudaka. Mpira ukipigwa teke kwenda kwa wapinzani mi kazi yangu ni kukimbia pembeni kabisa yadi 40 au 50 nikamwangushe anayeupokea, na njiani kuna watu wawili wamepewa kazi moja tu ya kunizuia. Kocha wa hiyo timu ndo mtu ninayemchekea kuliko wote hapo ndani. Halafu kikao cha timu nzima, halafu cha marisiva peke yetu, mbinu za wiki hii, unazipata kwenye tableti na zinabadilika kila wiki. Natakiwa kuzijua zote, tena kwenye nafasi zote tatu za risiva, maana nikiitwa kucheza hakuna atakayenifundisha uwanjani. Hapohapo kichwani nabeba mbinu za wapinzani, kwa sababu hiyo ndo kazi yangu ya mchana.

Saa 5 tunatembeatembea uwanjani kupanga mambo taratibu bila kugongana, chakula, bandeji tena.

Saa 7 mchana, mazoezi. Hapa mnivumilie.

Jumapili tunacheza na Minnesota. Minnesota wana Justin Jefferson, namba 18. Kama hufuatilii huu mchezo, huyu jamaa tangu aingie ligi 2020 hadi msimu wa 2024 hakuna mwaka aliokosa kufikisha yadi 1,000 za kudaka, yaani umbali timu inaosogea kwa pasi anazodaka yeye, hata 2023 alipocheza mechi 10 tu kwa kuumia. Mwaka 2022 alifikisha 1,809. Sasa mabeki wetu wanamzoeaje mtu kama huyo kabla ya Jumapili? Wanatafutiwa mtu wa kumuigiza. Wiki hii nimevalishwa kizibao cha namba 18 juu ya jezi yangu. Wiki iliyopita nilikuwa mtu mwingine, wiki ijayo ntakuwa mwingine.

Na hili ndo ninalotaka mlielewe. Mi nalipwa nimwigize mtu vizuri mpaka mabeki wetu wajue kunishinda. Mpira ukirushwa kwangu beki akaunasa, uwanja mzima unapiga kelele, makocha wanapigana makofi mgongoni. Nikiudaka mimi ni kimya, halafu "rudini, tena". Ni kama fundi anayeshika ngazi mwenzie akipaka rangi, nyumba ikipendeza hakuna anayeuliza nani alishika ngazi.

Inavyoenda ni hivi, kocha msaidizi anasimama mbele yetu na kadi kubwa imechorwa, kila mtu ana alama yake na mshale wake. Unaangalia sekunde chache, unakimbilia nafasi yako, mpira unatolewa, unakimbia mshale wako. Kadi ya leo mshale wangu unaenda mbele yadi 15 halafu unakata kuingia katikati, sisi tunaiita dig. Kwenye kadi ni mstari umenyooka kama rula. Lakini Jefferson hakimbii hivyo! Nilikaa na video zake Jumatatu usiku na Jumanne yote ambayo kwa wenzangu ni siku ya mapumziko. Huyu mtu hakimbii kwa spidi moja. Anaondoka, anapunguza kidogo mabega yakiwa yamelegea mpaka beki naye anapumua, kisha anafyatuka. Beki akija kushtuka jamaa yuko hatua mbili mbele.

Kwahiyo nikafanya hivyo. Nikaondoka, yadi ya 10 nikalegeza, beki akalegeza, nikakata ndani, niko peke yangu. Kwotabeki wetu wa tatu, yule mrusha pasi, akarusha juu kidogo nikaudaka kwa vidole. Filimbi.

Kocha wa ulinzi akaja anatembea kutoka ng'ambo ya uwanja, taratibu, ile ya mtu anayetaka wote waone. "Wewe 18. Umechoka?" Nikasema hapana kocha. "Mbona unatembea katikati ya ruti, njia uliyochorewa? Kimbia kadi. Tunakulipa ukimbie." Tena.

Sasa hapo unafanyaje? Ukimjibu kwamba video inaonyesha hivi, wewe mtu wa wiki kwa wiki, umebishana na kocha mkuu wa ulinzi mbele ya watu 60 na kitu. Kocha msaidizi mwenye kadi ndo aliyeniambia asubuhi "kimbia kama yeye", nikamtupia jicho, akaangalia kadi yake kama ndo anaiona mara ya kwanza. Nikarudi. Nikakimbia kadi, spidi moja, mstari wa rula. Konabeki wetu, yaani beki wa pembeni anayemkaba risiva, huyu ni staa mwenye miaka mingi kwenye ligi, akanishika jezi kifuani kwa mkono wa ndani ambapo refa haoni (na mazoezini hata refa akiona hapigi filimbi), tukafika wote pamoja, akaupiga mpira chini. Makofi. "Hivyo ndivyo!" Tena, upande wa kushoto. Tena, sasa beki wa pili aingie. Tena, kwa sababu mlinzi wa nyuma alichelewa, sio mimi, lakini anayekimbia yadi 15 na kukata na kurudi ni mimi, mlinzi wa nyuma yeye alichelewa akiwa amesimama. Baridi ya Novemba, vidole kwenye glavu vimeanza kuwa vya mtu mwingine, kidole changu cha mwisho kiliteguka kambi ya Agosti na kikarudishwa kikiwa kimepinda, kwahiyo huwa nakifunga pamoja na jirani yake, na kila mpira ukigonga pale nasikia mpaka kwenye jino.

Na leo tumevaa pedi kamili. Sheria ya ligi inaruhusu mazoezi ya pedi mara 14 tu kwa msimu mzima wa kawaida, leo ni mojawapo, kwahiyo kila mtu anataka kuonekana mgumu. Nimekatwa mbavuni na mlinzi mdogo wa mwaka wa kwanza ambaye naye anatafuta ugali wake, siwezi hata kumchukia. Aliniinua akaniambia samahani kaka. Tena.

Sijui iliisha saa ngapi. Wenzangu wa kikosi cha 53 wakaingia ndani, mi nikabaki kwenye mashine ya kurusha mipira, hiyo nafanya kila siku hata nikiwa hoi, inakutemea mipira karibu karibu mpaka mikono inadaka kabla akili haijajua. Kijana wa vifaa ananipangia mipira bila kuombwa. Kuna mambo nayafanya kwa ajili ya kocha na kuna mambo nayafanya kwa ajili yangu, hii ni yangu.

Kisha bwawa la barafu. Nimeingia mpaka kifuani nasaga meno, anaingia yule konabeki staa, anakaa pembeni yangu. Kimya kama dakika nzima. Halafu ananiuliza, "ile ya kwanza, ulivyolegeza, huyu jamaa anafanya hivyo kweli?" Nikamwambia ndio. "Anaanza wapi?" Nikamweleza, angalia mabega usiangalie miguu, miguu yake inadanganya. Akatoka majini akaenda kuchukua tableti, akarudi nayo akiwa anatetemeka, nikamwonyesha video tatu, moja nyuma ya nyingine. Akaangalia akatikisa kichwa. "Kesho nifanyie hiyo, mi ntaongea na kocha." Sikuonyesha kitu usoni ila ndani nilikuwa nimefurahi kuliko ningedaka ya kufunga.

Kuna kikao kingine baada ya hapo cha kuangalia video ya mazoezi yenyewe. Kocha wa ulinzi akapita juu ya ile ruti yangu ya kwanza bila kusema neno. Sawa.

Chumba cha kubadilishia nguo nacho kina habari zake. Kabati la jirani yangu, risiva mwenzangu tuliyekuwa naye tangu kambi, jina lilishatolewa jana. Jumanne timu huleta watu wa nje kuwajaribu, unawaona wanapita kwenye korido na mabegi, vijana wenye afya kabisa, na kila mmoja nafasi anayoitafuta ni yangu au ya jirani. Agosti tulikuwa 90, tukapunguzwa mpaka 53, mi nikaachwa Jumanne nikarudishwa kikosi cha mazoezi siku iliyofuata. Kuchaguliwa kwenye drafti, pale timu zinapochagua vijana kutoka vyuoni, sikuchaguliwa. Na kila wiki timu inaweza kuwafungia wanne kati yetu wasichukuliwe na timu nyingine, mi sipo kwenye hao wanne, ambayo ukiiangalia kwa jicho zuri maana yake karibu timu yoyote inaweza kunichukua kesho ikaniweka kwenye 53 yao. Ndo navyojiambia. Adam Thielen alianzia hukuhuku kikosi cha mazoezi Minnesota 2013, hakuchaguliwa na mtu, akaja kwenda Pro Bowl, mechi ya mastaa wa ligi, mara mbili. Kwahiyo inawezekana, ila msinitajie yeye kila siku bana, kwa kila Thielen kuna watu kibao wanauza bima sahivi.

Nimefika kwangu giza. Wali na maharage niliyopika Jumapili, miguu juu ya ukuta, simu. Grupu la kanisa wanabishana kama kuna Mwafrika wa kwetu amewahi kucheza NFL, nikawaambia tafuteni Daniel Adongo, Mkenya aliyetoka raga akasaini Indianapolis Colts 2013, mkimaliza mtakumbuka kuna mwingine yuko kwenye grupu hilihili amekaa kimya. Wakacheka. Wengi wao tumetoka wote kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, tulikuwa tunacheza mpira wa makaratasi na kamba kwenye vumbi la Kasulu, risiva hatukujua ni mnyama gani. Mimi shule ya huku Marekani kocha aliniona tu nakimbia mbio za kupokezana vijiti akaniuliza kama naogopa kugongwa.

Mesej ya mwisho ni ya mjomba yuko Kigoma. "Mpwa, Jumapili tutakuona?"

Mjomba, iko hivi. Risiva wetu wa nne msuli wa nyuma ya paja unamsumbua. Akikimbia vizuri Ijumaa, mi nabaki pembeni na nguo za timu napiga makofi. Asipoweza, timu inaweza kunipandisha kwa mechi hiyo moja, inaruhusiwa kunipandisha hivyo mara tatu kwa msimu, na wiki hiyo nalipwa kwa kima cha wale 53, ambacho kwa mchezaji mpya msimu wa 2025 kilikuwa dola 840,000 kwa mwaka, gawanya kwa wiki 18 uone. Mwisho wa kuandika majina ni Jumamosi saa 10 jioni ya New York, kwenu itakuwa saa 6 usiku. Kabla ya hapo hata kocha hajui.

Kajibu, "sawa mpwa, Mungu akusimamie. Na zile bati?"

Bati Ijumaa mjomba.