Ile beji kifuani mwa mwanao aliyeko jeshi la Marekani

Shikamooni wazazi. Naandika kwa ajili ya familia za Dar ambazo kijana wao ameingia jeshi la nchi kavu la Marekani, maana nimeona picha moja inavyoweza kuitia hofu nyumba nzima. Kijana kamaliza mafunzo ya awali, kapiga picha na sare, kifuani ana kibeji cha rangi ya fedha chenye umbo la msalaba. Picha inaingia kwenye group la ukoo. Haijafika jioni, Tandika nzima inajua kwamba mtoto wa fulani kafanywa mdunguaji na anapelekwa vitani.

Sivyo. Ile ni beji ya shabaha, na shabaha hapimwi askari wa vitani peke yake. Anapimwa mpishi, karani, dereva, fundi wa magari. Mimi mtoto wa Temeke niko jeshi hilo hilo, kazi yangu ni stoo, kutwa nzima napokea na kutoa vipuri, na beji hiyo ninayo.

Mtihani wenyewe uko hivi. Unapewa risasi 40, na mbele yako zitainuka sanamu 40 za plastiki zenye umbo la mtu, kwa zamu, pengine zaidi ya moja kwa pamoja, kila moja kwa sekunde chache tu kisha inajilaza. Ukiipata inaanguka na kompyuta inahesabu. Ya karibu iko mita 50, ya mbali mita 300. Kwa mtu wa Dar, mita 300 ni kama viwanja vitatu vya Mkapa vilivyopangwa goli kwa goli, wewe uko goli la mwanzo la kiwanja cha kwanza na sanamu iko goli la mwisho la kiwanja cha tatu. Unazipiga kwa mikao minne, kumi kwa kila mkao: umelala kifudifudi bila kuegemeza bunduki, umelala ukiwa umeiegemeza, umepiga goti, kisha umesimama ukiegemeza bunduki kwenye kizuizi. Magazini unabadilisha mwenyewe, hakuna wa kukukumbusha.

Watu hudhani siri iko kwenye jicho. Jicho lina sehemu yake, lakini kinachowaangusha wengi ni pumzi na kidole. Ukibana triga kwa kuishtukia, mtutu unacheza kidogo sana, na hicho kidogo kikifika mita 300 kimeshakuwa kosa la kupita pembeni kabisa. Zikiinuka mbili kwa pamoja, ya karibu na ya mbali, unatakiwa uamue papo hapo uanze na ipi, huku jasho linaingia machoni na umetoka kubadilisha mkao sasa hivi. Ndiyo maana wakufunzi hutumia muda mrefu mno kufundisha kulala, kupumua na kubana triga taratibu, na kabla ya mtihani kila mtu anairekebisha bunduki yake kwenye karatasi iliyowekwa mita 25, mpaka risasi ziende pale anapolenga. Ninaiheshimu sana kazi ya wakufunzi hao.

Sasa ngazi. Ukizipata sanamu 23 mpaka 29 wewe ni Marksman. Ukipata 30 mpaka 35 ni Sharpshooter. Ukipata 36 mpaka 40 ni Expert. Chini ya 23 hujafuzu, unarudia. Kwa macho mtazitambua hivi: Marksman ni msalaba mtupu, Sharpshooter una duara la shabaha katikati, na Expert una duara hilo pamoja na shada la majani limeuzungukia. Chini huning'inia kipande kidogo chenye jina la silaha iliyotumika, kwa sababu mtu anaweza kuwa Expert kwa bunduki na Marksman kwa bastola.

Naomba lizingatiwe hili: hata ngazi ya chini ni ya aliyefaulu. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alimnunia mjukuu wake kwa kuwa mtoto wa jirani alikuwa na shada na wa kwake hana. Kijana wa watu kafuzu kama mwenzake! Na beji haigandi. Mtihani hurudiwa, na askari huvaa ngazi aliyoipata mara ya mwisho, kwa hiyo mwenye shada mwaka huu anaweza kulivua mwaka ujao, na asiye nalo akalivaa. Ngazi ya juu ina faida yake, humwongezea askari pointi anapotafuta kupanda kuwa sajenti. Lakini beji yenyewe si cheo.

Kikosi cha Marine nacho kina ngazi tatu zenye majina hayo hayo, ila mtihani wao ni mwingine na beji zao hazifanani na zetu. Jeshi la anga lina utepe mmoja tu wa shabaha, kwa aliyefikia Expert. Msilinganishe beji za watoto waliomo majeshi tofauti.

Na wadunguaji je? Hao wana shule yao, Fort Benning kule Georgia. Mtu huchaguliwa na kikosi chake, kisha anasomea mambo mengi mbali na kulenga: kujificha, kunyemelea, kukadiria umbali na upepo. Beji ya mafunzo ya awali haimfikishi mtu huko.

Mama yangu aliambiwa na shoga yake kwamba nimewekwa kundi la wauaji. Akanipigia huku kwetu ikiwa usiku wa manane, sauti imemkauka, ananiuliza, "Mwanangu, wanakutuma kumuua nani?" Nilimweleza haya niliyoyaandika, pole pole, mpaka akatulia. Kisha akauliza swali ambalo natamani kila mzazi angeanza nalo: "Kwani wewe kazi yako hasa ni ipi?"

Hapo ndipo pa kuuliza. Kila askari hutia saini mkataba wa kazi maalumu, na kazi hiyo pamoja na kikosi alichopangiwa ndivyo vinavyoeleza siku zake zitakavyokuwa na hatari iliyopo. Askari wa miguu mwenye msalaba mtupu yuko karibu zaidi na mapigano kuliko mtunza stoo mwenye shada. Muulizeni mwanenu: kazi gani, kikosi gani, kambi ipi.

Kwa vijana wanaotamani kuja: asiye raia wa Marekani anatakiwa awe na green card na awe anaishi huku ndipo aandikishwe. Kuandikishwa hakulipiwi. Anayekuambia ukiwa Kariakoo kwamba umpe hela akuingize jeshini, tena kwa sababu ulipita JKT na unajua kulenga, huyo ni tapeli. Mkimbieni.

Wazazi, nina ombi jingine. Askari hujaza fomu inayoitwa DD 93, yenye majina, anwani na simu za watu wa kupewa taarifa akipatwa na jambo. Anajaza pia nani alipwe bima yake ya maisha, ambayo tangu Machi 2023 kiwango chake cha juu ni dola 500,000. Vijana wengi huzijaza wiki za mwanzo, wamechoka, wameandika namba ya simu ya zamani na anwani ya "nyuma ya msikiti". Mpeni mwanenu jina la mtaa na namba ya nyumba kama zilivyo kwenye kibao cha anwani ya makazi, na majina yenu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Na siku mtakayobadilisha laini, mjulisheni siku hiyo hiyo aende ofisini kwao akaibadilishe namba.